Jiwe la Shimo la Nne

Vijana wangu wa karakana, mmeniomba niwaandikie namna ya kujenga pagola imara, na najua mnangoja nianze na mbao. Siwezi. Pagola inaanza chini, kwenye shimo, na mimi ni kwenye shimo nilikokosea mara mbili katika maisha yangu ya ufundi. Mara ya kwanza ilikuwa Area 49, Lilongwe, na ya pili nyumbani kwangu hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Lile la kwanza nililirekebisha kwa wiki mbili. Hili la pili ndilo linalonifanya nikae na kalamu, mimi niliyezoea penseli ya sikioni.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Pagola ni kivuli cha nguzo. Unasimamisha nguzo nne au sita, juu yake unalaza boriti mbili ndefu, na juu ya boriti unapanga mbao nyembamba zilizoachana. Kisha mmea unapanda na kujifanyia paa. Watu wa Lilongwe wenye nafasi huiweka nyuma ya nyumba, juu ya ile sakafu ya nje wanayoiita khonde, wakakaa hapo na wageni wao. Kwetu Bukavu, Kongo, sikuwahi kujenga hata moja. Kule mvua ni ya karibu kila siku, na ukimjengea mtu paa lenye matundu atakuuliza umekunywa nini asubuhi.

Kwa hiyo mama mmoja wa New Shire, mtaa wa hiyohiyo Area 49, mwalimu mkuu mstaafu, aliponionyesha picha kwenye gazeti na kuniuliza, "Mungathe?", yaani, je, mtaweza, nilijibu ndiyo kabla sijaelewa ile picha ni ya kitu gani. Nilidhani ni nyumba ambayo fundi wake alikimbia kabla ya kuezeka. Nilikuwa mgeni nchini, na mgeni mwenye njaa anaweza kila kitu.

Nikakata bluga mbichi, huo mkaratusi wa huku, kwa sababu ulikuwa umenyooka. Nikachimba mashimo, nikamwaga zege chini, nikasimamisha nguzo ndani ya zege kama kijiko kwenye kikombe. Nilijiona bingwa. Bukavu nyumba zetu za mbao hukaa juu ya mawe, mti haugusi udongo kabisa, kwa hiyo nilikuwa seremala wa miaka kumi na tano kazini ambaye hajui udongo unaufanya nini mti. Mchwa wa Lilongwe walinifundisha.

Masika ya pili yalipoisha mwalimu yule akaniita. Akaniambia, kwa sauti yake ya darasani, kwamba pagola yangu ina adabu sana, kila asubuhi inazidi kumwinamia. Nikaichimbua nguzo ya kwanza. Ncha yake ilitoka laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikasimama nikilitazama lile shimo, sioni kitu. Mama yule akasema nipige magoti nitie mkono. Nikatia mkono, nikagusa maji. Mvua ilikuwa imeacha kitambo, lakini kikombe changu cha zege kilikuwa bado kimeyashika.

Basi andikeni hili. Shimo liwe refu kama mkono wako, kuanzia vidole mpaka kwapani. Chini kabisa weka jiwe bapa, na pembeni ya jiwe jaza kokoto ili maji yapate njia ya kushuka. Nguzo iwe imekauka, na ncha yake ipakwe oili chafu ya gari siku tatu mfululizo. Isimame juu ya jiwe. Zege liweke shingoni tu, karibu na uso wa ardhi, na ulipe mteremko ili mvua ikimbie nje. Na shimo halikaguliwi ukiwa umesimama. Unapiga magoti, unatia mkono. Siku hizi ninyi mnanunua viatu vya chuma vya kushikia nguzo, na ni vizuri, sina ugomvi navyo, lakini pigeni magoti hata hivyo.

Nilipenda sana somo hilo kwa sababu lilinigharimu aibu. Nilikuwa nakaa Lilongwe kuanzia Jumatatu, narudi kambini Ijumaa, na kila Ijumaa nilimsimulia mke wangu, Mama Furaha, habari za jiwe na kokoto kana kwamba nimezigundua mimi. Yeye alikuwa mshonaji. Alisikiliza huku anashona, pini zikiwa mdomoni, akijibu "mm, mm" tu. Nilidhani hasikii.

Somo la pili si langu, ni la Papa Zihindula aliyenifundisha kazi Kadutu, kulekule Bukavu. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Jumapili. Siku moja nilipiga vigingi vinne vya kibanda kwa kukadiria, nikamwita aone. Hakuangalia hata vigingi. Aliangalia uso wangu.

"We mutoto, macho yako ilishajenga nyumba ngapi?"

"Hakuna, Papa."

"Njo maana," akasema, yaani ndiyo maana. "Chukua kamba."

Kamba yake ilikuwa na mafundo kumi na mawili, yameachana sawasawa, na mwanzo wake umefungwa na mwisho wake. Unaivuta iwe pembetatu: upande mmoja nafasi tatu, upande wa pili nne, wa tatu tano. Kona iliyo kati ya tatu na nne ni kona kamili, hata kama mshika kamba ni mlevi. Ukimaliza kupiga vigingi vyote vinne unapima msalaba, kutoka kona hadi kona. Misalaba miwili ikilingana, chimba. Isipolingana, ng'oa uanze upya na usimlaumu mtu. Nilimweleza Mama Furaha habari za kamba hiyo pia. Mm, mm.

Kuhusu juu sina maneno mengi. Nguzo ikate kitako ili boriti ikae juu ya mti, kisha ndipo upitishe bolti. Bolti kazi yake ni kushika, haibebi. Nilimjengea mfanyabiashara mmoja wa Mitundu namna hiyo, nikapita baada ya mavuno nikakuta ameanika mahindi ya shamba zima juu ya pagola, na mbuzi wawili wanakula juu hukohuko. Nikamuuliza mbuzi walipandaje. Akasema hata yeye anashangaa. Boriti hazikupinda, na nilijisifia safari nzima ya kurudi.

Hapo ndipo mngenisifu na ninyi, kama ningeishia hapo. Lakini mganga hajigangi, na nyumbani kwangu hakukuwa na kivuli.

Tulipofika Dzaleka nilijiambia hatutakaa. Kila nilichokitengeneza ndani ya nyumba yetu ya matofali mabichi nilikitengeneza cha kufunguka. Kitanda kilikuwa na bolti nane. Meza ilitoka miguu. Spana ilining'inia kwenye msumari karibu na mlango, na hakuna aliyeruhusiwa kuihamisha. Nilikuwa nasema jina letu likitoka kwenye orodha ya wanaohamishiwa Ulaya au Amerika, saa mbili zinanitosha kufunga kila kitu. Hata mmea wa maracuja wa Mama Furaha, yaani pasheni, niliutaka ukae kwenye ndoo. Majirani walinicheka, "Kitanda ya Papa Furaha inangojaka basi." Tuliitwa kwenye mahojiano mara mbili, kisha ikawa kimya, na mimi nikaendelea kuilinda spana yangu. Niliamini kwamba mtu akichimba shimo la nguzo mlangoni kwake amekubali kubaki. Kwa watu wengine nilichimba bila kuhesabu.

Mke wangu alikuwa na cherehani ya miguu, ile nzito ya chuma. Ndani kulikuwa na joto la mabati na giza, kwa hiyo alishonea nje. Asubuhi kivuli kilikuwa nyuma ya nyumba, alasiri mbele, na saa sita hakikuwa popote. Yeye na binti yetu Furaha waliibeba ile cherehani mara nne kwa siku, wakikifuata kivuli kuizunguka nyumba. Miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Nilikuwa nayaona haya Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu naondoka kwenda kuwajengea watu vivuli.

Siku moja akaniuliza, "Papa Furaha, ile vitu unajengaka Lilongwe, hautajenga moja hapa?"

"Tukifika kule nitakujengea kubwa."

"Kule wapi?"

"Kule tutaitwa."

"Mi niko nashona hapa," akasema, akauma uzi.

Ijumaa moja, mvua za kwanza zikiwa zimelainisha ardhi, nilifika nikakuta vipande vinne vya bati vimelazwa mbele ya nyumba, kila kimoja na tofali juu yake. Nikainua kimoja. Shimo. Nikainua cha pili. Shimo. Mama Furaha alikuwa kwenye cherehani, viganja vyake vimefungwa vitambaa.

"Haya mashimo ni ya nini?"

"Ya nguzo. Nilichimba mi mwenyewe. We utaleta miti tu."

"Nani alikutuma?"

"Jua njo ilinituma."

Sijui kama mmewahi kuogopa mpaka mkakasirika. Niliyaona mashimo yale nikaona miaka yote iliyobaki, mimi na yeye, hapa hapa, mpaka mwisho. Sikunywa hata maji. Nilichukua jembe lilelile alilochimbia na nikasukumia udongo ndani, moja, mbili, tatu, nne, nikiwa nimesimama, majirani wakitazama. Mimi niliyewaambia mpige magoti, siku ile sikuinama.

Nilipomaliza alinyanyuka, akalichukua jembe mkononi mwangu, akalisuuza, akaliingiza ndani. Akasema neno moja tu, bila kupandisha sauti.

"Kufunika unajua. Kuchimba njo kunakushinda."

Hatukuzungumza tena juu ya mashimo. Yeye na Furaha waliendelea kuhamisha cherehani. Udongo ule sikuushindilia, kwa hiyo kila mvua ilipokuja ulizama, na mbele ya nyumba yetu kukawa na vidimbwi vinne ambavyo nilivivuka kila wiki nikijifanya sivioni. Karibu na mlango kulikuwa na jiwe bapa nililojikwaa mara nyingi. Nilimwambia alitupe. "Iache," alisema, "iko na kazi yake." Alikuwa anaweka mbabula, jiko letu la makaa, juu yake, nikadhani kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Miaka miwili ikapita hivyo. Oktoba, mwezi ambao hapa hata kuku hutafuta mahali pa kujificha, nilikuwa Lilongwe juu ya ngazi simu ilipolia. Furaha alikuwa analia. Walikuwa wameibeba cherehani mara ya tatu siku hiyo, mama akaketi, akaweka kitambaa chini ya sindano, akaangukia juu yake. Nilimkuta hospitali huko Dowa. Aliishi siku mbili. Upande mmoja wa mdomo haukumtii, lakini alinijua, na alichoniuliza ni hiki: "Mashine, muliingiza mu nyumba?" Nikamwambia ndiyo, tumeiingiza.

Daktari alisema ni presha, na ilikuwa ya siku nyingi. Nami sisemi jua ndilo lililomuua. Nasema tu kwamba jua hilo lilikuwa juu ya kichwa chake miaka yote, na dawa yake niliijua kuliko mtu yeyote katika kambi hii, na nilimnyima. Majuto ni mjukuu, husema wahenga, huja baadaye. Wangu alikuja na hajaondoka.

Wakati wa kilio watu walikuja wengi, maana alikuwa amewashonea karibu wote. Vijana wa kanisa walifunga turubai kwenye ukingo wa bati na kwenye miti miwili iliyosimamishwa kwa matofali, kwa kuwa hapakuwa na nguzo. Upepo wa saa nne ukaibeba. Wakaifunga tena, ukaibeba tena, wakaacha. Asubuhi wamama walikaa nyuma ya nyumba kwenye mikeka. Jua lilipopanda wakavuta mikeka mpaka ubavuni. Alasiri wakaja mbele. Niliketi kwenye kiti changu cha mfiwa nikawatazama wanawake thelathini wakiizunguka nyumba yangu na kivuli, kama alivyoizunguka yeye. Mama Neema, jirani yetu wa Uvira, alinisogelea na mkeka wake kichwani.

"Fundi, kweli haukukuwa na hata kivuli kidogo ya kukalisha bantu?"

Hakuwa na ubaya. Aliuliza tu. Nikafunika uso, naye akadhani ni msiba, akaniwekea mkono begani.

Siku ya kuondoa kilio, ambapo watu hukusanyika tena kumaliza matanga, ilipokaribia niliamua watu hawatahama tena. Nilileta nguzo nne za msindano uliokauka, nikazipaka oili siku tatu. Mvua zilikuwa zimeanza, vidimbwi vimerudi. Sikutaka kuvifuata vidimbwi, nilitaka kupima upya, kwa sababu nilijiambia mshonaji aliyechimba kwa hasira ya jua atakuwa amekadiria. Lakini nilivuta kamba kutoka kidimbwi hadi kidimbwi, ili tu nijue amekosea kiasi gani.

Upande mmoja ulikuwa mita nne. Wa pili mita tatu. Nikapima zile nyingine, nne na tatu. Nikavuta msalaba: mita tano. Nikavuta msalaba wa pili: mita tano kasoro kidole.

Furaha alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Akaingia ndani, akatoka na kitu alichokitoa kwenye droo ya cherehani. Ulikuwa utepe mrefu wa vipande vya vitenge vilivyoungwa, mwanzo wake umeshonwa na mwisho wake, na kila baada ya nusu mita kulikuwa na mshono wa uzi mwekundu. Nilihesabu. Kumi na miwili.

"Ile njo kamba ya mama," akasema. "Nilikuwa namushikiaka kona moja. Alikuwa anasema tutakushtua."

Nilikaa chini kwenye matope. Furaha alinisubiri, kisha akaniletea jembe.

Udongo ulikuwa laini kwa sababu ulikuwa umeshachimbwa. Nilichimba shimo la kwanza mpaka mkono ukazama kwapani, na safari hii nilipiga magoti. Vidole vyangu viligusa kokoto. Nikazipangua, nikagusa jiwe. Lilikuwa bapa, limelala sawa kabisa, nikaweka pima maji juu yake na kiputo kikakaa katikati. Shimo la pili, kokoto na jiwe. La tatu, kokoto na jiwe. Mawe ya namna hiyo hayapatikani hapa jirani, na sijui aliyabeba kutoka wapi kwa miguu ile.

Shimo la nne nilichimba mpaka mwisho. Kulikuwa na kokoto zimerundikwa upande mmoja, na katikati udongo mtupu uliosawazishwa kwa kiganja. Nilitafuta sana, nikidhani limezama. Kisha nikakumbuka Ijumaa ile. Nilikuwa nimefika mapema, basi lilikuwa limewahi, na alikuwa hajamaliza.

Nilinyanyuka nikaenda mlangoni. Nikaiondoa mbabula, nikaling'oa jiwe lake, nikalibeba kifuani mpaka pale. Nililiteremsha kwa mikono miwili, nikaweka pima maji, na sikuhitaji kulisogeza.

Kwa hiyo, vijana wangu, pagola mnayopenda kuja kuipima mbele ya nyumba yangu sikuipanga mimi. Mimi nilileta miti tu, kama nilivyoagizwa. Maracuja imetoka kwenye ndoo na imeshafika kwenye boriti. Furaha anashonea hapo, na cherehani haijahama tangu siku ile.